Ng'ombe wa Dutumi na Sumaku ya Dunia

Mwaka 2008 kundi la watafiti wa Ujerumani na Jamhuri ya Czech lilitoa dai lililosambaa upesi: ng'ombe wakiwa malishoni au wamejipumzisha, hujipanga kwa mhimili wa kaskazini na kusini, na kinachowapanga ni sumaku ya dunia. Sabine Begall, Hynek Burda na wenzao hawakulazimika kufuata makundi machungani. Walifungua picha za setilaiti za Google Earth, wakapima mkao wa ng'ombe 8,510 katika malisho 308 ya mabara mbalimbali, wakaongeza na kulungu wa Czech waliowachunguza kwa macho na kwa alama walizoacha kwenye theluji. Mhimili ukaonekana.

Dai la namna hiyo haliwezi kupita hivihivi katika kata kama Dutumi. Hapa Kibaha Vijijini, mkoani Pwani, upande unaotazamana na Kisarawe, ng'ombe ni mali, ni posa, na mara nyingi ni ajenda ya kikao cha kijiji pale kundi linapoingia kwenye shamba la muhogo la mtu. Wafugaji walioshuka kutoka bara na mifugo yao wamekaa humu miaka mingi, na mtu anayeamka na kundi na kulala nalo ana haki ya kuuliza: je, mnyama huyu ninayemjua tangu ndama anahisi kitu ambacho mimi sikihisi?

Jibu langu nalitoa mapema. Wapo wanyama wanaohisi sumaku ya dunia, na kwa baadhi yao ushahidi umesimama imara hata mwenye shaka hana pa kushika. Ng'ombe hayumo bado katika orodha hiyo. Tofauti haitokani na ukubwa wa mnyama wala sifa ya mtafiti. Inatokana na swali moja ambalo kila dai la aina hii lazima liulizwe: kuna mtu aliyebadilisha sumaku peke yake, akaacha mengine yote kama yalivyokuwa, kisha akaona mnyama amebadilika? Palipofanyika hivyo tunazungumzia hisi. Pasipofanyika hivyo, tunazungumzia mazoea ya mnyama ambayo yanaweza kuwa na sababu kumi.

Tuanze na sumaku yenyewe jinsi ilivyo huku kwetu, maana haifanani kila mahali. Uga wa sumaku wa dunia huzalishwa na chuma kilichoyeyuka kinachozunguka katika kiini cha dunia, kuanzia kina cha kilomita 2,900 hivi chini ya miguu yetu. Uga huo una mambo matatu ambayo mnyama angeweza kuyatumia: mwelekeo, ambao ndio unaoigeuza sindano ya dira, mwinamo, yaani jinsi mistari ya uga inavyoingia au kutoka ardhini kwa mshazari, na nguvu yake. Kaskazini mwa Ujerumani mistari inazama ardhini kwa mwinamo mkali wa nyuzi karibu 70, na nguvu yake ni kama nanotesla 50,000. Pwani ya Tanzania mwinamo ni kati ya nyuzi 30 na 40, na umegeuka: kule ncha ya kaskazini ya sindano ndiyo inayotaka kuinamia chini, huku kwetu ni ncha ya kusini. Nguvu nayo ni kama theluthi mbili tu ya ile ya Ujerumani. Mahali mistari inapolala sawasawa na ardhi, bila kuinama upande wowote, ndipo penye ikweta ya sumaku, na hiyo haipiti Nanyuki wala karibu na Kampala kama ikweta ya ramani. Inapita Ethiopia, na Addis Ababa iko karibu nayo sana. Msomaji aliweke hilo akilini, kwa sababu ndege wanaokuja kwetu kutoka Ulaya lazima waivuke.

Uga huu ni dhaifu mno. Sumaku ya kubandika kwenye mlango wa jokofu inauzidi zaidi ya mara mia. Ndiyo maana wanafizikia wengi walikataa kwa miaka mingi kwamba kiumbe hai angeweza kuuhisi: msukosuko wa kawaida wa molekuli ndani ya mwili wenye joto una nishati kubwa kuliko ile ambayo uga huo unaweza kuitia kwenye molekuli moja. Pingamizi hilo lilikuwa la haki, na kila anayedai kwamba mnyama fulani anahisi sumaku anadaiwa jibu lake.

Sasa turudi machungani. Hoja iliyolipa dai la mwaka 2008 uzito ilikuwa hii: mahali ambapo kaskazini ya dira na kaskazini ya ramani zimeachana sana, mkao wa ng'ombe ulifuata ya dira. Mwaka uliofuata kundi hilohilo likaja na hoja ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo nzito zaidi. Chini ya nyaya za umeme wa msongo mkubwa mpangilio wa ng'ombe ulivurugika, na ukarudi kidogokidogo kadiri walivyokuwa mbali na nyaya. Hapo angalau palikuwa na kitu kilichobadilisha sumaku. Lakini mwaka 2011 wanasayansi wengine wa Czech, J. Hert na wenzake, walipitia picha zao wenyewe za setilaiti na hawakuona mpangilio wowote. Begall na Burda wakajibu kwamba sehemu kubwa ya picha hizo hazikufaa: nyingine hafifu, nyingine za malisho yaliyo kwenye mteremko au karibu na nyaya na makazi. Majibizano hayo hayakuleta mwafaka, na kila upande umebaki na picha zake.

Mimi naona tatizo liko katika njia yenyewe, na Dutumi ni mahali pazuri pa kulionyesha. Katika picha zile mara nyingi kichwa na mkia havikuweza kutofautishwa, kwa hiyo kilichopimwa ni mhimili tu. Picha za setilaiti za aina hiyo kwa kawaida hupigwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, jua likiwa upande uleule. Na mchungaji yeyote atakwambia kwamba ng'ombe hugeuka kwa sababu ya jua na kwa sababu ya upepo. Asubuhi yenye baridi mnyama hulipa jua ubavu apate joto. Jua likichoma hulipa mkia au paji la uso ili apunguze eneo linalounguzwa. Upepo wenye mvua hugeuziwa mgongo.

Angalia basi pepo zetu. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki kuanzia Aprili hadi karibu na mwisho wa Septemba. Ukiokota picha za miezi tofauti za makundi ya Pwani, ukazichanganya katika hesabu moja, ng'ombe waliougeuzia upepo mgongo wanaweza kukupa wastani wa mhimili unaoangukia karibu na kaskazini-kusini, bila sumaku kuhusika hata kidogo.

Lakini hali hiyohiyo inaigeuza Dutumi kuwa mahali bora pa kupima kuliko Ulaya ya Kati. Kule jua la mchana liko kusini mwaka mzima, kwa hiyo jua na sumaku vimeshikana na si rahisi kuvitenganisha. Hapa Dutumi, iliyo karibu na nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na katika wiki ya pili ya Oktoba. Kuanzia Oktoba hadi Machi jua la saa sita liko kusini mwetu. Miezi iliyobaki liko kaskazini. Jua hubadili upande, upepo hubadili upande, sumaku haibadiliki. Mkao unaobaki uleule Januari na Julai, usiku wa manane pasipo upepo, zizini pasipo mteremko, utakuwa umepita mitihani ambayo picha za Google Earth hazikupita. Na hata hapo bado tungehitaji hatua ya mwisho: kuwafunga baadhi ya ng'ombe sumaku kichwani, na wengine kipande cha shaba chenye uzito na umbo lilelile, kisha anayepima mkao asijue nani amefungwa nini. Jirani zetu wa Morogoro wanaijua nidhamu hiyo. Panya buku wa shirika la APOPO, pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, waliaminika kwamba wananusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwa sababu njia zote nyingine za kulijua jibu zilizibwa kabla ya pua zao kupewa sifa.

Kuhusu nyaya, jambo lenyewe limeshafika mkoani. Njia ya kilovolti 400 kutoka Bwawa la Julius Nyerere hadi Chalinze ina urefu wa kilomita 160 hivi, na reli ya kisasa inayotumia umeme inapita Kibaha, ikiwa na vituo Soga na Ruvu. Umeme huo ni wa kubadilikabadilika: uga wake hugeuka upande mara 100 kila sekunde, tofauti kabisa na uga wa dunia uliotulia. Wafugaji wanaouliza kama nyaya zinadhuru mifugo wanastahili jibu lisilotiwa chumvi. Utafiti wa mwaka 2009 haukusema ng'ombe wanaugua, wanatupa mimba au wanapungua maziwa. Ulisema mkao wao unapoteza mpangilio. Na kama mpangilio wenyewe haujathibitika, basi kupotea kwake nako hakujathibitika.

Tukitoka kwa ng'ombe tukashuka ardhini, hali inabadilika kabisa. Chini ya mashamba yanayolishiwa ng'ombe hao anaishi mnyama ambaye hisi yake ya sumaku imepimwa kwa njia inayostahili, naye ni fuko. Wakulima wanamjua kwa hasara: unang'oa shina la muhogo unakuta mzizi umeliwa kwa chini, kando kuna vichuguu vya udongo mbichi. Mnyama huyu anaishi gizani, hana jua, hana nyota, hana mlima wa kutazama, na bado anachimba njia ndefu zilizonyooka.

Kuanzia mwaka 1990 Burda, huyuhuyu wa ng'ombe, pamoja na Wolfgang Wiltschko na wenzao, walifanya majaribio na fuko wa Zambia. Waliwaweka katika uwanja wa duara wenye vipande vya karatasi vya kujengea kiota. Fuko wakajenga viota upande wa kusini-mashariki, mara kwa mara. Kisha watafiti wakatumia koili za waya zenye umeme kuugeuza uga ndani ya uwanja, na viota vikahama navyo: kaskazini ya sumaku ilipogeuzwa, kusini-mashariki ya fuko ikageuka vilevile. Mwaka 1997 wakaonyesha katika jarida la Naturwissenschaften kwamba dira ya fuko hutambua ncha, kaskazini na kusini, kama sindano ya dira ya kawaida, na inafanya kazi gizani kabisa.

Halafu mwaka 2012 likaja jaribio linalotuhusu zaidi. Katika uwanja wa duara wa aina ileile waliwekwa fuko wa aina mbili nyingine, mmoja wao akiwa Heliophobius argenteocinereus, fuko mwenye manyoya ya rangi ya fedha anayeishi peke yake, ambaye jamii yake imeenea mashariki mwa Tanzania. Wote wawili walipendelea magharibi, si kusini-mashariki, na uga ulipogeuzwa walihama nao. Napenda sana matokeo haya, kwa sababu yanaziba mlango ambao mwenye shaka angetorokea. Kama chumba kingekuwa na kasoro, mwanga unaopenya au sauti ya mashine upande mmoja, fuko wote wangevutwa upande mmoja. Hawakuvutwa. Wa Zambia walikuwa na upande wao, hawa wawili wakawa na wao, na kila upande uliifuata sumaku.

Baharini ushahidi ni mpana zaidi, na sehemu yake moja imepatikana jirani na maji yetu. Kasa anayetaga Kisiwa cha Juani, Mafia, yumo katika mkoa mmoja na Dutumi. Anazaliwa mchangani, anapotelea baharini akiwa mdogo kuliko kiganja, na akikomaa hurudi kutaga maeneo ya kwao. Ken Lohmann wa Chuo Kikuu cha North Carolina ametumia maisha yake kuuliza kasa anajuaje njia. Mwaka 1991 alionyesha kwamba kasa wachanga wa Florida waliowekwa kwenye beseni gizani huogelea kwa kufuata uga, na ukigeuzwa nao hugeuka. Mwaka 2001 yeye na wenzake wakawapa kasa ambao hawajawahi kuingia baharini uga wa sehemu tatu za Atlantiki walizokuwa bado hawajazifika. Katika kila uga walielekea upande ambao, wangekuwa sehemu hiyo kweli, ungewabakiza ndani ya mkondo salama. Dira peke yake haiwezi kufanya hivyo. Dira hukuonyesha kaskazini. Haikwambii uko wapi. Kasa walikuwa wanausoma mwinamo na nguvu ya uga kama anwani.

Beseni, hata hivyo, si bahari. Jaribio la bahari lilifanyika katika Mlango wa Msumbiji na kuchapishwa mwaka 2007. Paolo Luschi wa Pisa, Simon Benhamou wa Ufaransa na wenzao walichukua kasa wa kijani waliokuwa wakitaga Maore, kisiwa kilicho katika funguvisiwa moja na Ngazija na Anzuwani, wakawapeleka kwa mashua kama kilomita 100 hadi bahari kuu, wakawaachia wakiwa na vifaa vya setilaiti mgongoni. Baadhi yao walibandikwa sumaku kali kichwani. Waliobandikwa walizunguka zaidi, njia zao zikawa ndefu kuliko za wenzao. Kilichonivutia ni mambo mawili. La kwanza, hata wale waliokuwa na sumaku wakati wa kusafirishwa tu, kisha ikaondolewa kabla ya wao kuachiwa, walifanya vibaya. La pili, sumaku haikuwapoteza moja kwa moja: kuzunguka walizunguka, lakini nyumbani bado palifikiwa. Maana yake kasa ana zaidi ya njia moja ya kurudi, labda harufu inayoletwa na upepo kutoka kisiwani ikiwa mojawapo, na sumaku ni sehemu ya akiba hiyo.

Tena ramani yake si ya kina kama tunavyoipamba. Graeme Hays na wenzake, waliowafuatilia ng'amba wa visiwa vya Chagos katikati ya Bahari ya Hindi, walieleza mwaka 2022 habari za ng'amba mmoja aliyeogelea kilomita 1,306 ili kufika kisiwa kilichokuwa umbali wa kilomita 176 tu. Alikipita, akazunguka, akarudi. Ramani ya sumaku humfikisha mnyama jirani na anakokwenda. Pa mwisho hutafutwa kwa macho, pua na subira. Mwandishi anayesema kasa hurudi kwa usahihi wa ajabu hadi kwenye mchanga uleule aliozaliwa anasema zaidi ya data.

Kwa ndege nitakaa kidogo zaidi, kwa kuwa ndio wanaouunganisha ushahidi wa Ulaya na ardhi yetu. Kila mwaka kati ya mwishoni mwa Oktoba na Desemba, ndege wadogo kwa maelfu hushuka kutoka Ulaya na Asia kupitia Pembe ya Afrika na Kenya hadi vichaka vya pwani yetu na kusini zaidi. Mahali maarufu pa kuwaona ni Ngulia, ndani ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi, ambako tangu mwaka 1969 ndege wamekuwa wakinaswa kwa nyavu, kuvishwa pete miguuni na kuachiwa. Usiku usio na mwezi, ukungu ukiutanda mwinuko ule, ndege huvutwa na taa za hoteli na kushuka kwa wingi. Ngulia peke yake inatosha kumzuia mtu asiseme kwamba ndege huongozwa na sumaku tu. Sumaku haizimwi na ukungu. Kama ingekuwa ndiyo yote, taa zisingewababaisha.

Miongoni mwa wanaonaswa Ngulia yumo ndege mdogo wa kahawia, Luscinia luscinia, mwimbaji hodari anayejificha kwenye vichaka vizito, anayezaliana Ulaya ya Kaskazini na Mashariki na kuupitisha msimu wa baridi Afrika Mashariki na Kusini. Thord Fransson na wenzake nchini Sweden waliwakamata vijana wa ndege huyu, ambao hawajawahi kusafiri, wakawafungia. Nusu waliachwa na uga wa Sweden. Nusu walibadilishiwa uga hatua kwa hatua, kana kwamba wanasafiri, hadi ukafanana na wa kaskazini mwa Misri, mahali ambapo ndege wa porini hulazimika kujaza mafuta mwilini kabla ya kuvuka Sahara. Waliopewa uga wa Misri walinenepa zaidi. Hawakuhama hata hatua moja, chakula kilikuwa kilekile, ila mwili uliambiwa jangwa liko mbele na ukajiandaa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2001, na sijasoma ushahidi mwingine wa hisi hii ulionigusa kama huo.

Dira ya ndege, tofauti na ya fuko, haitambui ncha. Mwaka 1972 Wolfgang na Roswitha Wiltschko walieleza katika jarida la Science kwamba ndege waliowapima Frankfurt husoma mwinamo wa mistari. Dira hiyo haisemi "kaskazini" au "kusini". Inasema "kuelekea ncha" au "kuelekea ikweta". Kwa ndege anayeishia Uhispania hilo halina shida. Kwa ndege anayekuja Pwani ni mtihani: amesafiri wiki kadhaa kwa agizo la "elekea ikweta", anafika Ethiopia, mistari imelala, dira yake haisemi lolote. Akiendelea kusini kidogo mistari inainama upande mwingine, na agizo lilelile sasa lingemrudisha alikotoka.

Mwaka 1992 Wiltschko hao walilijaribu jambo hilo kwa ndege aina ya Sylvia borin, anayevuka ikweta kila mwaka. Waliwaweka kwa muda katika uga uliolala, kama wa Ethiopia, kisha wakawarudishia uga wa kwao. Ndege wakageuka, wakaanza kuelekea ncha badala ya ikweta. Wenzao ambao hawakuonyeshwa uga uliolala waliendelea kama kawaida. Kwa hiyo kuvuka ikweta ya sumaku kwenyewe ndiko kunakoigeuza dira. Lakini jaribio lilifanyika Ujerumani, katika uga wa kuigiza.

Hisi imethibitika, kiungo chake hakijapatikana. Kwa miaka mingi ilisemekana kuna chembe za magnetiti, madini ya chuma yenye usumaku, katika seli za neva kwenye mdomo wa njiwa. Mwaka 2012 kundi la David Keays, Vienna, lilikagua seli hizo na kukuta ni za kinga ya mwili, zile zinazokusanya na kuchakata chuma, si za neva. Nadharia ya pili, iliyoasisiwa na Klaus Schulten mwaka 1978, ndiyo inayolijibu pingamizi la wanafizikia. Mwanga ukiipiga protini fulani jichoni, elektroni huhama, na kwa kitambo kidogo hubaki jozi ya elektroni ambazo tabia yake ya pamoja inaathiriwa na uga dhaifu kabla ya msukosuko wa joto kuivuruga. Uga hauhitaji kuisukuma molekuli. Unahitaji tu kuigeuza njia ya mmenyuko wa kikemia ambao tayari umeanza. Protini inayodhaniwa ni kriptokromu 4, na mwaka 2021 watafiti wa Oldenburg na Oxford walionyesha kwamba ile ya ndege mhamaji, ikiwa maabara nje ya jicho, kweli inaathiriwa na sumaku, zaidi kuliko ya kuku na njiwa. Oldenburg hiyohiyo, mwaka 2014, Henrik Mouritsen na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba kelele za mawimbi ya redio za mjini, dhaifu sana, zinawapotezea ndege dira yao, na banda likizungushiwa mabati ya alumini yaliyounganishwa na ardhi dira inarudi. Masafa yaliyohusika yalikuwa ya chini kuliko ya simu za mkononi, kwa hiyo minara ya simu isibebeshwe lawama kwa ushahidi huo.

Kwa upande mwingine, mwaka 2023 majaribio yaliyotumia nzi wa matunda 97,658 yalishindwa kuonyesha athari ya sumaku iliyokuwa ikinukuliwa tangu mwaka 2008 kama uthibitisho wa kriptokromu kwa wadudu. Na fuko, ambao dira yao haihitaji mwanga, mwaka 2020 waliondolewa macho na wakaacha kupendelea upande wowote. Inaelekea jicho lililo gizani bado linahisi sumaku, kwa njia ambayo nadharia ya mwanga haiielezi. Kasa nao wameongeza uzito mwaka 2025: kundi la Lohmann liliwafundisha kutambua uga wa mahali penye chakula, wakawa wanapiga mapezi na kuinua vichwa kila wakiwekewa uga huo. Mawimbi ya redio hayakuwasahaulisha ramani, ila yaliivuruga dira. Inaelekea mnyama mmoja anabeba hisi mbili za sumaku zenye viungo tofauti.

Kwa sababu hiyo naamini hatua inayofuata inahitaji kufanyika huku kwetu. Karibu dira zote za ndege zilizopimwa zimepimwa mahali mistari inapozama kwa nyuzi 60 au 70. Hakuna gharama ya kutisha katika kuweka banda la mbao katika kijiji cha Kibaha au Kisarawe kilicho mbali na nyaya, koili za waya wa shaba kulizunguka, na ndege wa vichakani walionaswa Novemba wakiwa safarini na wengine walionaswa Machi wakijiandaa kurudi. Wawekwe katika uga wa Dutumi kama ulivyo, kisha mwinamo peke yake ugeuzwe. Kama dira yao kweli ilijigeuza walipovuka Ethiopia, wa Novemba wataelekea kusini katika uga wetu na kuelekea kaskazini mwinamo ukigeuzwa, na wa Machi watafanya kinyume chake. Wakikataa kufanya hivyo, nadharia iliyofundishwa Ulaya kwa nusu karne itabidi irekebishwe kwa ushahidi wa Pwani. Banda hilohilo, msimu wa ndege ukiisha, linaweza kumpokea fuko wa shamba la jirani. Na zizi lililo kando yake, lenye ng'ombe waliofungwa sumaku na waliofungwa shaba, lingemaliza ubishi ambao picha za setilaiti hazikuweza kuumaliza.